Kichwa cha Mama na Viatu vya Mzungu

Picha ile ina watu ishirini na watatu, na majina yao yote ninayo. Ukiniamsha usingizini nitakutajia kuanzia mstari wa nyuma, kushoto kwenda kulia, na jina la baba wa kila mmoja, na kambi aliyokuwa akikaa. Hapa sitaandika hata moja. Wenye majina karibu wote wamekwisha kuzikwa, na siwezi kwenda makaburini kupiga hodi nikiomba ruhusa. Watakuwa mama, babu, mtani na mjukuu. Wanatosha.

Ilipigwa kwenye shamba la mkonge, si mbali na Korogwe ya zamani, nami nilikuwa na miaka saba hivi, meno ya mbele yameng'oka. Mkonge ukitoka kwenye mashine, ile tuliyoiita korona, unakuwa singa ndefu mbichi zenye harufu kali. Wanawake walikuwa wakizichukua na kuzitandaza juu ya nyaya uwanjani, safu kwa safu, na jua linazipausha hadi zinakuwa nyeupe za kuumiza macho. Mama alikuwa mmoja wa wanawake hao. Siku hiyo waliambiwa wasimame mbele ya nyaya, kila mwenye mtoto amweke mbele yake, wapigwe picha.

Ukiitazama, kila kitu kipo. Singa zipo nyuma, zinaning'inia kama nywele za jitu. Vifungo vya magauni vinahesabika. Mtani wangu, aliyesimama ubavuni kwangu, kovu la goti lake linaonekana, na kamasi pia. Mimi nipo, mikono imeshuka, macho yamenitoka kama nimemeza mbegu ya fenesi. Nyuma yangu yupo mama: gauni lake, kanga yake, shingo yake. Juu ya shingo hakuna kitu. Pana ukungu tu, kama mvuke wa sufuria lililofunuliwa. Na begani kwangu pana ukungu mwingine mdogo, utadhani mtu kanipaka unga.

Huyo mtani ndiye aliyenitesa kwa picha hiyo maisha yangu yote. Baba yake alitoka Unyamwezini kuja kukata mkonge, akina manamba wale, vibarua wa mkataba, na Mnyamwezi na Mzigua ni watani tangu huko nyuma, kwa hiyo hana la kuogopa nyumbani kwangu. Siku ya harusi yangu alisimama mbele ya wakwe akasema, "Bwana harusi, huyu binti mchunguze kwanza, kwao hawana vichwa. Mama yake siku ya picha kichwa alikiacha Handeni."

"Alikiacha makusudi," nikamjibu, ingawa bi harusi hasemi. "Aliogopa ungekiiba."

Na siku ya kumzika mume wangu, watu wamekaa chini kimya, akaja akajilaza mahali jeneza lilipokuwa, akadai hatoki mpaka apewe jogoo na kichwa cha mama yangu. Nikacheka na machozi yakiwa bado yananitoka. Hiyo ndiyo kazi ya mtani.

Sisi wa nyumbani tulikuwa na maelezo yetu. Bibi mzaa baba alituambia mvua iliingia kwenye sanduku la bati, maji yakaila picha. Nikaamini. Zaidi ya miaka sitini na tano niliamini kwamba uso wa mama yangu uliliwa na maji.

Mama alifariki nikiwa na miaka kumi. Hakuwa na picha nyingine.

Sasa niseme neno ambalo wanangu hawakulijua. Mimi ninayesifiwa kwa kukumbuka, ninayeitwa kila ukoo unapogombana nani kamzaa nani, uso wa mama ulikuwa umeanza kunitoka. Nyayo zake ninazo, zilivyopasuka visigino. Harufu ya mkonge kwenye kanga yake ninayo. Lakini nikitafuta uso namwona binti yangu mkubwa, au namwona jirani fulani wa Mombo aliyekuwa akiuza mahindi ya kuchoma kwa abiria wa mabasi. Unaweza kushika majina ya watu ishirini na watatu, na uso mmoja ukakuponyoka.

Mwaka jana mwanangu alimaliza nyumba yake Misima, kwetu Handeni, ikapangwa dua Jumapili ya kuingia ndani. Wanangu wakasema picha ya bibi ikuzwe, iwekwe fremu, itundikwe sebuleni. Nikapanda gari nikaenda Korogwe kwa mjukuu wangu, mwalimu wa fizikia shule ya sekondari, akanipeleka kwenye studio moja wanapopiga picha za pasipoti na kutoa kopi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nataka hii iwe kubwa kama mlango wa kabati."

Kijana akaishika picha kwa ncha za vidole, akaigeuza kwenye mwanga. "Inakuzika. Ila huyu wa katikati amekufa kichwa."

"Amekufa mwili mzima, baba. Ni mama yangu."

Akaona haya kidogo, halafu akachangamka. "Bibi, siku hizi tunamtia uso. Niache nikupige wewe picha moja, kompyuta inakupunguza miaka, inakufananisha. Utashangaa."

Nikashangaa kweli. Jioni ile ile mjukuu alipokea kwenye simu mama mpya. Msichana mzuri, meno yamepangika, nyusi zimechongwa, anatabasamu kama anauza sabuni. Mjukuu akaitupa kwenye kundi la ukoo, na simu ikaanza kulia kama ina kichaa. Binti yangu mkubwa akapiga kutoka Handeni akipiga vigelegele. "Mama, kumbe bibi alikuwa mrembo hivi! Huu uzuri ulipotelea wapi, mbona haukufika kwetu?" Mkwe wangu mmoja akasema eti pua ni ya mwanawe. Wote walifurahi, nami nikafurahi kwa ajili yao. Nikasema ndiyo, itolewe hiyo, Jumamosi tuichukue.

Hofu ilinijia siku ya pili, asubuhi, nikipuliza moto wa chai. Nilikuwa na picha yangu moja ya ndani, mama akiinama kupuliza moto jikoni kwetu kule kambini, moshi unamzunguka. Nikaiita kama ninavyoiita siku zote. Akainuka kwenye moshi yule msichana wa kompyuta, na wanja wake, na meno yake. Nikafumba macho nikaita tena. Akaja yule yule. Nikaacha chai ikamwagika. Niliona waziwazi: picha ile ikitundikwa, nikaiona kila siku, kile kidogo cha mama kilichonibakia kitakwisha, na atakayekaa mahali pake ni mtu ambaye hakunizaa. Na niwaambie nini wanangu? Kwamba huyo si yeye? Wangeuliza, "Haya, yeye alikuwaje?"

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Mjukuu alirudi kutoka shule mapema, akakaa nami barazani. Mimi nachambua mchele kwenye ungo, yeye anaandaa somo la mwanga. Alikuwa na kitabu cha Kiingereza cha habari za zamani, zile walizoandika magazetini huko Ulaya picha zilipovumbuliwa, karibu miaka mia mbili sasa.

"Bibi, nikusomee? Nitageuza Kiswahili."

"Soma, mke mwenzangu. Mchele hauna masikio."

Akasoma. Mfaransa mmoja alitangaza mbele ya mabwana wakubwa kwamba amekamata picha kwa jua juu ya bati lililopakwa fedha. Kabla habari haijapoa, Mwingereza mmoja akaruka akasema mimi nilitangulia, mimi nimeanika majani na lesi juu ya karatasi yenye dawa, jua likanichorea, tena miaka kadhaa iliyopita.

"Kama alitangulia, mbona alinyamaza?"

"Alikuwa anairekebisha kwanza."

"Ehe. Kama yule jirani yetu na choo chake."

Mjukuu akacheka hadi akafunika kitabu. Nikamwambia jambo hilo la jua mbona halina ugeni, sisi tulikuwa tukiona singa zinavyogeuka rangi kwa siku moja, na kanga ikisahaulika kwenye kamba siku nyingi inapauka yote isipokuwa chini ya kibanio. Akasema, "Bibi, ndio maana nakusomea." Akaendelea. Msafiri mmoja alikwenda kumtembelea yule Mfaransa, akaonyeshwa picha, akaandika barua kwao ikachapishwa gazetini. Aliandika kwamba picha ilikuwa ya barabara kubwa ya mji wao. Barabara hiyo kwa kawaida imejaa watu na mikokoteni ya farasi, lakini kwenye picha ilikuwa tupu kabisa. Mtu mmoja tu ndiye aliyeonekana, kwa sababu alisimama akipigwa rangi viatu. Na huyo naye, viatu vilionekana vizuri, miguu ilionekana, lakini kichwa hakuwa nacho.

Ungo ukanitoka mikononi. Mchele wote chini, kuku wa jirani wakaja mbio kama wameitwa kwenye sherehe.

"Rudia hapo."

"Wapi, bibi? Kwenye viatu?"

"Kwenye kichwa!"

Akarudia. Kichwa hakikuonekana kwa sababu mtu yule alikuwa akikigeuza. Picha ilichukua muda, dakika nzima nzima, na kinachotembea hakibaki. Farasi walipita, wanawake walipita, watoto walipita, na bati halikumshika hata mmoja. Aliyetulia ndiye aliyebaki, na kilichotulia mwilini mwake ndicho kilichobaki.

"Kwani picha haipigwi mara moja, pa?"

"Sasa hivi ndiyo. Zamani hapana. Hata ile yenu, bibi, kama kamera ilikuwa ya zamani na siku ina mawingu, huenda ilichukua sekunde mbili tatu."

Hapo nilimwona tena mpiga picha wetu. Alikuwa mzee wa Kihindi, ndugu zake wana duka la vitambaa pale mjini, alikuja na sanduku la mbao lenye miguu mitatu na kitambaa cheusi. Alifunua kifuniko cha mbele, akakishika mkononi, juu, kama mtu anayetaka kuapa. Na midomo yake ilikuwa inacheza.

"Nipigie mtani," nikasema.

"Bibi, mchele..."

"Waachie kuku. Nipigie mtani."

Mtani yuko bado Korogwe, anatembea kwa fimbo, masikio yake yamebaki robo. Mjukuu akaweka simu kwa sauti ya juu.

"Nani huyo?"

"Mimi, mtumwa wako."

"Ah, Mzigua! Kichwa kimepatikana?"

"Sikiliza. Yule Mhindi wa picha, alipofunua kifuniko, alikuwa anafanya nini na mdomo?"

Hakufikiri hata kidogo. "Ek! Be! Tran!" akapiga kelele, simu ikatetemeka. "Alikuwa anahesabu! Umesahau? Umesahau mchezo wetu wewe?"

Nilikuwa nimeusahau, mimi nisiyesahau. Baada ya picha ile, watoto wote wa kambi tulicheza kupiga picha. Mmoja anachukua kopo, anafunua kifuniko, anahesabu kwa Kihindi moja mpaka tatu, wengine wanakauka kama mawe. Ukitikisika unaambiwa umefutika, unatoka nje ya mstari.

"Kwa hiyo mama yangu alifutika," nikasema.

"Si nimekuambia siku zote?"

"Hukusema alifutika. Ulisema alikiacha Handeni!"

"Ni hayo hayo. Kwani alitikiswa na nini? Mzee wa watu alituonya, hata nzi akikutua usimfukuze. Mimi nilitambaliwa na kamasi mpaka mdomoni na nikatulia." Akakohoa, akacheka, kisha akauliza taratibu, kama si yeye. "Mtani, yeye alikuwa nyuma yako. Wewe ulikuwa umetazama mbele. Ulikuwa unaona nini?"

Nikajibu kabla sijajua ninajibu nini. "Babu."

Nilimwona babu, baba yake baba, akitokea kwenye njia nyuma ya mpiga picha. Alitoka Misima bila kutoa taarifa, kuku kamning'iniza kichwa chini, kibuyu cha asali kwapani. Siku ya asali ya babu sijapata kuisahau. Lakini maisha yangu yote iliwekwa kwenye kapu lake, na siku ya picha kwenye kapu lake. Sikujua ni siku moja.

Niliikumbuka asali kwa sababu nilitaka kumkimbilia na sikumkimbilia. Mama alikuwa amenishika bega, kidole gumba kimenibana, akaninong'oneza, "Usitikisike." Mzee kafunua kifuniko. Ek. Babu akatokea. Na kwetu, mke hamtazami baba mkwe usoni. Anajifunika, anainama, anamwamkia akiwa ameshusha macho. Mama angefanya nini? Miguu yake ilimtii mpiga picha, ikakaa pale pale. Kichwa kikamtii mkwe. Mkono ukaniacha begani ukaenda kuvuta kanga juu, na nikasikia sauti yake ikishuka kwenye nywele zangu, ya chini, ya haraka, kama mtu anayepitisha kitu chini ya mlango: "Shikamoo, baba."

Sauti yake. Miaka yote hiyo sikuwa nimeisikia. Pale barazani, kuku wanadonoa mchele, niliisikia ikipita kwenye utosi wangu.

Mjukuu akanishika mkono. "Bibi, unalia?"

"Ndiyo. Niache, tamu hii."

Kwenye simu mtani alikuwa anaita, "Haloo? Haloo? Mzigua amekufa?"

Ijumaa tukaenda studio. Kijana ameshaichapa picha, anaikunjua kwa fahari. Nikamwambia, mwanangu, kazi yako nzuri, ila mwondoe huyu binti, mrudishe mama yangu kama nilivyomleta.

"Bibi, bila kichwa? Watu wataona ni kazi yangu. Watasema nimeharibu."

Nikamweleza, pale pale kaunta, na wateja wawili wakaacha kopi zao wakasikiliza. Nilipofika kwenye "Shikamoo, baba," mama mmoja wa Kisambaa akapiga makofi akasema, "Hata kwetu! Hata kwetu hutazami!" Kijana akainamia ile picha ya asili, akauweka ukungu karibu na jicho.

"Kwa hiyo hapa anaamkia."

"Anaamkia."

"Na hapa begani?"

"Hapo ndipo ulipokuwa mkono."

Akachapa upya.

Binti yangu mkubwa ndiye alikuwa mgumu. Alipoiona Jumamosi pale Misima alisema, "Mama, wageni watakuja watuone tumetundika picha mbovu, na nzuri tunayo kwenye simu." Sikubishana. Nilimwita asimame, nikasimama mbele yake kama mtoto, nikamwambia anishike bega. Nikamwambia, "Baba mkwe wako huyo anaingia." Mkono ukaniacha wenyewe. Kanga ikapanda kichwani yenyewe, kichwa kikashuka. Nilipogeuka alikuwa bado ameinama, mabega yanatikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. Akaenda kutafuta msumari.

Siku ya dua picha ilikuwa ukutani, mkabala na mlango. Mtani alifika na fimbo yake, akasimama mbele ya picha muda mrefu. Akajitazama goti.

"Mimi ndiye niliyetoka vizuri," akatangaza. "Kwa sababu nina nidhamu. Kaeni tupige nyingine, niwafundishe Wazigua kutulia."

Mjukuu wangu akasema simu yake ina namna ya kuacha jicho wazi, picha ichukue muda kama ya zamani. Akaiegemeza kwenye kiti juu ya mto, akaibana kwa Kurani na Biblia, kimoja kila upande, maana kwetu vyote vipo. Tukapangwa. Mimi katikati, chini ya picha ya mama, na binti yangu nyuma yangu, mkono begani. Mtani ubavuni, kama zamani. Yeye ndiye alihesabu.

"Hata nzi!" akaonya. "Ek!"

Tukakauka. Nyumba nzima ikanyamaza, hata vitoto. Nilimsikia binti yangu akizuia pumzi.

"Be!"

Na hapo mlangoni wakapita wakwe zangu wawili na sinia la pilau, moshi unapanda, mguu wa mbuzi juu yake.

"Tran," akasema mtani, na sauti yake ikaondoka na lile sinia.

Mjukuu alipofungua picha alipiga yowe. Mimi nipo. Binti yangu yupo, na mkono wake uko begani kwangu, vidole vyote vitano. Watoto wapo. Mtani fimbo yake ipo, koti lipo, kola ipo. Juu ya kola pana ukungu, umeelekea mlangoni.

Watu walicheka hadi wengine wakakaa chini. Yeye alidai turudie. Akasema simu ni mbovu, akasema pilau lilipitishwa kwa hila za Kizigua. Nikamwambia haturudii.

Uso wa mama sijaupata, nisidanganye. Lakini nikipuliza moto siku hizi, yule msichana wa wanja haji. Anakuja mama na kanga yake juu, ameinama, na sioni uso kwa sababu yupo mkwe mbele yake, na hivyo ndivyo inavyopaswa. Kisha nasikia anachosema.

Mtani ananipigia kila Ijumaa. Anataka picha ile ifutwe kwenye kundi la ukoo kabla hajafa, wajukuu wake Tabora wasije wakaiona. Namwambia kichwa chake kiko salama hapa Handeni, nimekiweka pamoja na cha mama, aje na jogoo akikomboe.